Walininyang'anya ufito dukani, kisha ukanivunjikia Shimoni

Ni miaka sasa najiundia fimbo zangu za kuvulia na sijawahi kulalamikia duka hadharani. Leo naandika kwa sababu kila nikiziona mezani zile pete za kupitishia mshipi, roho inaniuma upya.

Ilikuwa kabla kaskazi haijakolea. Niliingia duka moja la vifaa vya uvuvi Mombasa kutafuta blanki, yaani ufito mtupu usio na pete wala mshikio, wa kuvulia kolekole. Wanaojiundia wanajua: pete ikiharibika utaibadilisha, lakini ufito ukiwa mbovu kazi yote imekwenda na maji. Ndiyo maana siununui bila kuupima. Unasimamisha shina sakafuni, ncha unailaza kiganjani, unabonyeza katikati huku ukiuviringisha polepole. Pale unaporuka wenyewe na kutulia ndipo ulipo uti wake, yaani upande wake mkakamavu, na pete nazifunga kwa kuufuata uti huo.

Nilikuwa bado nauviringisha, kijana wa duka akaja akaupokonya. "Mzee, hapa si pa kuchezea. Kama hununui, weka." Mbele za watu! Mimi ni wa kumzaa yule. Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, nautafuta uti tu." Akasema hiyo ni kaboni tupu, haihitaji kupimwa. Nikalipa nikaondoka nao. Ningeuacha palepale.

Jioni sita nilikaa nao. Pete nane, uzi wa kijani wenye mpaka wa manjano, kisha epoksi, ile gundi ya kufunikia uzi, nikiugeuza na kuugeuza isije ikajikusanya upande mmoja kabla haijakauka. Ulipendeza mno.

Kolekole wa kwanza alikula karibu na mwamba, huko nje ya Shimoni. Breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, niliiweka theluthi ya nguvu ya mshipi, kama siku zote, na ufito sikuuinua juu. Ukalia kama bunduki. Samaki akaingia mwambani, mshipi ukasagika, kwisha. Nikabaki na kipande cha chini mkononi, nikakitazama palipovunjika. Upande mmoja ukuta ni mnene, upande wa pili ganda la yai lina afadhali. Na chini ya ile rangi nyeusi inayong'aa palikuwa na kiraka cha kijivu, kama filla mafundi wa magari wanayozibia bodi iliyobonyea. Nikakikwaruza kwa ukucha, kikameguka.

Niliurudisha. Yule yule kijana, hata hakuushika. "Umeugonga kwenye boti." Ni kweli kaboni haipendi kugongwa, ufa mdogo usioonekana leo, kesho unapasuka ukivuta mzigo. Lakini ufito wangu ulisafiri ndani ya bomba la plastiki mpaka tulipotia nanga. Na kugonga hakuleti filla!

Nisiwe mdhalimu. Shemeji yangu ana ufito wa kampuni hiyo hiyo, amevulia nguru kaskazi mbili na uko imara. Ni mwepesi, unarusha kutwa nzima mkono hauchoki. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema duka ndilo baya, blanki ni nzuri. Sasa nafuta. Mtu aliyeziba kasoro akapaka rangi juu alijua kuna mtu atautegemea ufito ule baharini.

Tangu siku hiyo sigusi blanki iliyopakwa rangi. Nataka ile isiyopigwa msasa, yenye mistari ya utepe waliyoifunga ilipokuwa ikiokwa, niione yote kwa macho na niipapase kwa kidole. Kwa mwambani nimerudia faiba, ile ya nyuzi za kioo: nzito, inachelewa kunyooka, lakini inavumilia kugongwa na kupindwa.

Pete nimezibandua kwa kuipasha moto epoksi kidogo kidogo. Saba zimetoka salama. Ufito wa kuzifunga bado natafuta. Pale sirudi. Labda siku wakimweka muuzaji atakayeniacha nipime. Hata hivyo, sidhani.