Nyaya kichwani, betri kifuani, na kijana wa fizio aliyekataa kusoma kadi

Nimejizuia kuandika kwa wiki kadhaa nikisubiri hasira ipoe. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Temeke, nina ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na kukakamaa. Tangu mwaka juzi nina nyaya mbili ndani ya ubongo. Zinapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, zinashuka shingoni hadi kwenye betri iliyopachikwa chini ya mtulinga. Wenyewe wanaita DBS, yaani ubongo unachochewa kwa umeme mdogo mchana na usiku. Nilifanyiwa Chennai, India. Watu wananiuliza kila siku kama inafaa, na jibu langu lilikuwa rahisi: uza kiwanja, nenda. Nililitoa jibu hilo kwa moyo mweupe mpaka siku nilipopeleka bega langu kwa fizio, mtaalamu wa kunyoosha viungo, hapa Dar.

Bega la kulia lilikuwa limeganda. Kwa wenye Parkinson hilo ni jambo la kawaida. Wengine bega hutangulia kabla hata mkono haujaanza kutetemeka, wakahangaika na dawa za kuchua bila kujua kinachokuja nyuma yake. Mimi nilifika mahali nashindwa kuchana nywele. Kufunga kitambaa kichwani ilikuwa mpaka mjukuu aitwe. Binti yangu akanipeleka kwenye kliniki moja ya binafsi, jengo safi, viyoyozi kila chumba. Mapokezi walikuwa watu wazuri, nisiwadhulumu.

Ndani nikamkuta kijana, rika la wanafunzi wangu wa miaka ya mwisho. Yuko kwenye simu. Hakuniamkia. Shikamoo simdai mtu, lakini nimeingia naburuta mguu na nywele zimejaa mvi, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake likawa, "Bega lipi?" Nikamwonyesha. Akaniambia nifungue blauzi nilale, kisha akavuta kutoka pembeni mashine yenye mikono miwili mirefu, kila mkono una kitu kama sahani kwenye ncha.

"Tutaliweka kwenye joto dakika kumi na tano, mama. Litalegea."

Nikamuuliza, "Baba, hiyo ni dayathemi?"

"Ndiyo."

"Basi mimi siwekewi hiyo. Nina kifaa kichwani." Nikatoa kwenye pochi kadi yangu ya hospitali inayoeleza kifaa hiki, nikamnyooshea. Hakuipokea. Aliangalia kivimbe cha betri hapa kifuani, akasema, "Si pesimeka hiyo, ya moyo? Tutaizima tu. Rimoti si unayo?"

Nikamwambia kuizima hakusaidii, waya uko pale pale. Nikamwambia asome kadi, imeandikwa. Ndipo akasema lile neno ambalo nalisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo: "Mama, hapa kati yetu nani amesomea hii kazi?" Nikarudia, soma kadi. Akasema, "Kama hutaki matibabu, nje kuna watu wanasubiri." Alisema kwa sauti, na kati yangu na kitanda cha pili ni pazia tu.

Nilitoka na khanga begani, blauzi kifungo kimoja. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka vibaya, kwa sababu hasira na hofu hupenya hata betri ikiwa inafanya kazi yake. Na shilingi 40,000 tulikuwa tumeshalipa dirishani. Hazikurudi.

Sasa nieleze kwa nini sikuwa nadeka. Dayathemi ni joto linaloingizwa mwilini kwa mawimbi, kama ya redio. Kwa bega la mtu mwingine ni sawa, linapasha nyama moto. Kwa mtu mwenye nyaya kichwani, zile nyaya hunasa mawimbi kama antena, nguvu yote ikakimbilia kwenye ncha, na ncha ziko katikati ya ubongo. Mwaka 2001 madaktari Marekani waliandika katika jarida lao habari za mzee mwenye kifaa cha aina hii aliyewekewa dayathemi kwenye taya baada ya kung'olewa meno. Ubongo wake uliungua kwenye ncha za waya. Hakurudi tena kuwa yeye. Alibaki anapumua tu. Taya, jamani. Mimi bega langu liko chini kidogo ya pale waya unapopita, na yule kijana alikuwa ameshashika swichi.

Kinachoniuma zaidi ni historia yenyewe ya tiba hii. Zamani mtu akitetemeka kupita kiasi, daktari alikuwa anaunguza kwa makusudi sehemu ndogo ya ubongo ili utulie. Kilichounguzwa hakirudi. Mwaka 1987 pale Grenoble, Ufaransa, Daktari Alim-Louis Benabid akaona kwamba umeme wa mapigo ya haraka, uliokuwa unatumika kupima tu kabla ya kuunguza, wenyewe unazima mtetemeko, na ukiondolewa ubongo uko vile vile. Ndipo wakaanza kuacha waya ndani badala ya kuacha kidonda. Basi watu wamehangaika miaka yote hiyo ili ubongo wangu usiunguzwe, halafu nije niunguzwe Dar es Salaam na mtu ambaye hakutaka kusoma kadi yenye ukubwa wa kitambulisho cha kura.

Nirudi Chennai kidogo, kwa sababu bila kueleza hilo mtadhani nina chuki na kifaa. Sina. Ukitaka kujua Parkinson ilinifanya nini, uliza wanafunzi wangu. Kabla mkono haujaanza kucheza, mwandiko ulianza kudogoka ubaoni. Naanza sentensi vizuri, nikifika upande wa dirisha herufi zimekuwa kama sisimizi, na watoto wa nyuma wanapiga kelele, "Mwalimu, hatuoni!" Nilidhani ni macho. Nilikuja kupewa levodopa, vidonge vya Parkinson, ikanisaidia miaka, kisha ikaanza kunichezesha: kidonge kikipanda mwili unajinyonganyonga, kikishuka naganda mlangoni nashindwa kuvuka kizingiti.

Siku ya upasuaji walinikatisha dawa tangu usiku ili mtetemeko uonekane. Kichwa kikafungwa kwenye fremu ya chuma, skrubu nne, ganzi ya pale juu tu, na mimi macho wazi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Walipokuwa wanateremsha waya, kwenye spika kulikuwa na sauti ya mkwaruzo kama redio inayotafuta stesheni; ndizo chembe za ubongo zinasikika, na daktari anasikiliza mpaka ajue amefika kwenye kiini anachokitafuta, kitu kidogo kadiri ya punje ya kunde. Akasema kwa Kiingereza, sasa tunawasha. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unapiga juu ya meza. Mmewahi kuangalia feni ya dari umeme ukikatika? Inazunguka, inapunguza, unaanza kuhesabu mapanga, inasimama. Ndivyo. Niliuangalia ule mkono umelala kama wa mtu mwingine. Nikalia, nikaambiwa nisilie kwa sababu kichwa kimefungwa.

Kwa hiyo hapo nampa kila mtu nyota zote. Yule daktari Mungu amlinde.

Ila nimekaa nimefikiri, na nadhani hasira yangu imepita kwa kijana ikafika mpaka Chennai. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alitumia karibu saa nzima kunifundisha mambo ya uwanja wa ndege: onyesha kadi, usisimame katikati ya lile geti la ukaguzi, omba wakupapase kwa mikono. Nashukuru, nimepita viwanja vitatu salama. Akanifundisha kuchaji: kila Jumapili naweka kile kisahani juu ya betri kifuani, karibu saa moja, na nikijua umeme utakatika nachaji mapema. Kuhusu dayathemi hakusema neno. Ilikuwa kwenye kitabu, ukurasa wa ndani, Kiingereza, herufi ndogo. Aliyeisoma ni mjukuu wangu wa kidato cha tatu, jioni moja tumekaa barazani, akaniuliza, "Bibi, dayathemi ni nini? Hapa wameandika inaweza kukuua." Ningekuwa sina mjukuu anayependa kusoma? Ningelala pale kitandani, nikamwambia kijana asante, endelea.

Hilo siwezi kulisamehe kirahisi. Unamtoboa mtu fuvu, unachukua pesa ya kiwanja cha urithi, halafu jambo linaloweza kumuua unaliacha kwenye herufi ndogo? Nilipowaandikia kwa WhatsApp walijibu siku ya pili: dayathemi usikubali kabisa, kifaa chako kiwe kimewashwa au kimezimwa, na hata ile altrasaundi ya kutibu misuli usikubali, ya kupima tumbo haina shida, ila wasiipitishe juu ya betri. Jibu zuri, lilichelewa mwaka na nusu.

Basi usiku ule nilikata shauri kwamba anayeniuliza nitamwambia asiende. Abaki na vidonge vyake, akitetemeka atetemeke akiwa hai. Kwa nini ubebe kitu ambacho huku nyumbani hakuna anayekijua? Nikienda kwa daktari wa meno nahubiri mimi. Nikitakiwa MRI, kile kipimo cha sumaku, nahubiri mimi. Sauti yenyewe ya kuhubiri imepungua, kwa sababu kifaa hiki hakitibu sauti. Wakiongeza umeme ili mguu uwe mwepesi, ulimi unakuwa mzito, na mafundi wa kurekebisha wako ng'ambo ya bahari. Kuyumba nikigeuka ghafla kupo pale pale. Vidonge bado nameza, vichache kuliko zamani. Na ugonjwa unaendelea taratibu huko chini. Hakuna aliyeniahidi kuwa utasimama.

Asubuhi nikaamka, nikamimina chai. Kikombe kimejaa mpaka juu, nikakibeba kutoka jikoni mpaka barazani, sikumwaga hata tone. Mwaka juzi nilikuwa nanywa kwa mrija kama mtoto. Nikakaa na kile kikombe muda mrefu sana.

Siwezi kukwambia usiende. Nenda. Lakini nenda na mtu anayesoma, na usiondoke hospitali kabla hawajakutajia kwa mdomo kila mashine usiyotakiwa kuwekewa, moja moja, kwa lugha unayoielewa. Ikibidi waambie warudie. Mimi kwa wanafunzi nilikuwa narudia mara tatu na hakuna aliyenilipa nauli ya India.

Kuhusu kliniki ile, sirudi, na binti yangu ameandika barua. Hawajajibu. Sitaki kijana afukuzwe kazi. Nataka akae chini asome kitu kimoja tu, halafu siku nyingine mgonjwa akimnyooshea kadi aipokee kwa mikono miwili.

Wiki iliyopita nilichukua kipande cha manila na kalamu nene ya wino mwekundu, nikaandika mwenyewe: NINA NYAYA NDANI YA UBONGO. NISIWEKEWE DAYATHEMI WALA MASHINE YOYOTE YA JOTO LA MAWIMBI, HATA KIFAA KIKIWA KIMEZIMWA. Nimeandika kwa mkono wa kulia. Herufi ya mwisho ina ukubwa ule ule wa herufi ya kwanza. Mtoto wa dawati la nyuma angeisoma. Naibeba kwenye pochi pamoja na ile ya Kiingereza.

Bega bado halipandi. Kwa sasa natambaza vidole ukutani kila asubuhi, nimeweka alama ya penseli pale nilipofika jana. Kama kuna anayemfahamu mtaalamu wa viungo upande wa Temeke, Mbagala au hata Kigamboni, anayefanya kazi kwa mikono yake na anayesikiliza mgonjwa, aniambie.