Zoom H1n: kinasa sauti kwa wanaoandika juu ya mahali

Kama unatengeneza kazi ya kusikilizwa palepale ilipozaliwa, tuseme shairi ambalo mtu atalisikiliza kwa simu akiwa amesimama mbele ya Gare (kituo cha treni) ya Lubumbashi, Zoom H1n inatosha. Sharti moja: isimamishwe kwenye stendi. Ukitembea nayo mkononi itakuharibia kazi.

Shida ni mwili wake. Ni plastiki nyepesi, na kila kidole kikisogea kinaingia kwenye mikro kama mtu anayekwaruza mlango. Nyuma ina tundu la skrubu; ifunge kwenye stendi ya miguu mitatu, bonyeza, ondoa mkono. Hapo sasa inasikia vizuri sana. Mikro zake mbili zimepishana kwa nyuzi 90, kwa hiyo Soko la Kenya, la hapo Lubumbashi, linabaki na upana wake: muuzaji anaita kushoto, mkokoteni unapita kulia. Isogeze karibu na sufuria ya bukari (ugali), uji ukianza kutokota. Utasikia povu moja moja likipasuka, kisha mwiko ukigonga ukingo, na pumzi ya mama anayesonga.

Rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya 48 kHz, biti 24. Saa moja inakula kama GB 1, na kadi ya microSD isizidi GB 32. Inatumia betri mbili za AAA. Auto Level (mashine kujipimia nguvu ya sauti) izime kabisa: watu wakinyamaza inapandisha mvumo wa nyuma, wakisema inaushusha, na mahali panasikika kama panahema. Pima mwenyewe, vilele vya sauti kwenye skrini vikae karibu na -12 dB.

Sifongo ya mikro peke yake haizuii upepo wa Agosti, ivalishe kifuniko cha manyoya. Usiku uliotulia, mashine yenyewe inasikika ikifanya "shhh", na hilo halina dawa.

Maandishi yasome nyumbani, chumba chenye nguo nyingi, sentimita 20 kutoka mdomoni na mikro pembeni kidogo, la sivyo kila "p" inalipuka. Ukichanganya sauti yako na za mahali, acha nafasi tupu kati ya mistari. Msikilizaji tayari yuko Gare, Gare yenyewe itazijaza. Honi za pikipiki ulizorekodi zitoe: aliyesimama kando ya barabara ataruka kukwepa pikipiki ambayo haipo, na ile ya kweli hataisikia. Ndiyo maana mwambie pia avae kisikizio kimoja tu.