Mimea ya sumu Malindi: kujifunza kwa simu au kwa mama wa shamba?

Kwa anayechuma mboga za mwituni huku Malindi, njia ni mbili: programu ya simu inayotambua mimea kwa picha, au kumfuata mama wa Kigiriama anayechuma mchunga na mnavu tangu utotoni.

Simu ina faida yake. Hukupa jina la kisayansi, nalo humsaidia daktari mtu akishadhurika. Lakini inategemea picha, na picha nzuri mara nyingi ni ya ua au tunda. Mnanaha, mmea wa sumu, ukishachanua, ua lake refu jeupe na tunda lenye miiba hujitangaza wenyewe. Hatari iko kabla ya hapo, majani yakiwa machanga kando ya mnavu. Majani hayo ya mnanaha yana sumu za atropini na skopolamini: kinywa hukauka, mboni hupanuka, mtu huweweseka, na anaweza kufa.

Mama atakuambia ufikiche jani unuse. La mnanaha lina harufu mbaya. Atakukataza pia kanuni za mkato. Wako wanaosema kila chenye utomvu mweupe ni sumu, ilhali mchunga unao na tunaula, na mnanaha hauna. Atakuonyesha pia mti ambao Waata, jamii ya wawindaji, walitengenezea sumu ya mishale ya kuwindia tembo, mti ambao mgeni angeupita bila kuutazama.

Mimi namchagua mama, bila kusita. Simu nabaki nayo kwa kupiga picha ya mmea wenye shaka, nikamwonyeshe kabla haujaingia chunguni.