Yaliyobaki Nje ya Picha: Filamu Zangu za Mwaka 2023 na Utabiri wa Oscar za Machi 2024

Katika filamu ya Oppenheimer, inayomhusu mwanafizikia wa Marekani aliyeongoza utengenezaji wa bomu la kwanza la atomiki, kuna mabakuli ya kioo ambayo mwanafizikia huyo huyajaza gololi kidogo kidogo, kila gololi ikisimamia kiasi cha urani au plutoni kilichokwisha kupatikana kwa ajili ya bomu. Nilipoitazama filamu hiyo kwa mara ya pili, sebuleni kwetu Mwanga, hapa Kigoma, tulikuwa na jirani yetu mmoja mzee, mzaliwa wa Likasi, ambaye alivuka ziwa kutoka Kalemie zamani na hajarudi tena. Kwa muda mrefu hakusema neno. Gololi zilipoanza kulia ndani ya bakuli aliniuliza, "Mwanangu, na hayo mawe, wanaonyesha walikoyachimba?" Nikamjibu, "Hapana, mzee, hawaonyeshi." Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama.

Mzee alikuwa anajua anachokiuliza. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi ule wa Marekani wa kutengeneza bomu ilitoka Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, huko Katanga, wakati Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji, na zaidi ya tani 1,000 za mawe yake zilikuwa zimekwisha kufikishwa ghalani Staten Island, New York, kabla mradi wenyewe haujaanza. Filamu inayochukua saa tatu kamili haitupeleki Katanga hata kwa picha moja, na haituonyeshi Hiroshima pia. Mwongozaji Christopher Nolan ameamua kukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na uamuzi huo ameutimiza kwa ustadi mkubwa: ile hotuba ya ushindi, ambapo vishindo vya miguu ya wanaoshangilia vinageuka kuwa kitu cha kutisha na msichana aliyesimama mbele anaonekana ngozi ikimbambuka, ni dakika chache za sinema ambazo sitazisahau. Hata hivyo, tangu usiku ule, kila filamu ya mwaka 2023 niliyoitazama nimeipima kwa swali la jirani yetu. Kila filamu huacha mambo nje ya picha, kwa kuwa haiwezi kubeba yote. Ninachotaka kujua ni kama mwongozaji alitambua alichokiacha, na kama mtazamaji anaweza kukihisi ingawa hakioni.

Kwa kipimo hicho, filamu yangu ya mwaka ni The Zone of Interest ya Jonathan Glazer. Inamhusu Rudolf Höss, mkuu wa kambi ya mauaji ya Auschwitz, pamoja na mkewe Hedwig na watoto wao, waliokuwa wakiishi katika nyumba yenye bustani nzuri iliyotenganishwa na kambi kwa ukuta mmoja tu. Kamera haivuki ukuta huo kumwonyesha hata mfungwa mmoja akiuawa. Tunaona mama akipalilia maua, watoto wakiogelea, watumishi wakiandaa meza, na huku nyuma tunasikia milio ya bunduki, mbwa, vilio vya mbali, pamoja na mngurumo wa tanuri usiokoma mchana wala usiku. Msanifu wa sauti Johnnie Burn ametengeneza, kwa hakika, filamu ya pili inayokwenda sambamba na ile tunayoiona, na hiyo ya pili ndiyo inayosimulia mauaji. Kamera zilifichwa katika vyumba vya nyumba hiyo na mafundi wakakaa mbali, hivyo waigizaji wanatembea kama watu walio kwao, na utulivu wao ndio unaotisha. Kuna mahali ambapo Hedwig, anayeigizwa na Sandra Hüller, anajaribu koti la manyoya lililoletwa kutoka kambini, anakuta rangi ya mdomo mfukoni mwake, na anaipaka midomoni mwake. Hatuambiwi koti lilikuwa la nani. Nilisimamisha filamu hapo, nikatoka nje kupunga upepo.

Filamu ya makala Bobi Wine: The People's President, ya Moses Bwayo na Christopher Sharp, niliitazama wiki hiyohiyo, na nilishangaa kuona jinsi inavyokaa upande wa pili wa ukuta huohuo. Hapa pia kuna familia ndani ya nyumba yenye uzio, lakini wenye bunduki ndio walioizunguka, na hofu yote iko ndani. Tunamfuata mwanamuziki huyo wa Uganda kuanzia siasa za bungeni hadi uchaguzi wa Januari 2021 na kuzuiliwa nyumbani kwake baada ya kura, na anayeibeba filamu, kwa maoni yangu, ni mkewe Barbie, ambaye huzungumza kwa upole hata pale ambapo mtu mwingine angepiga kelele. Kama kazi ya sinema ina kasoro: inamtazama mhusika wake kwa mapenzi mno, na wapinzani wake hawapewi nafasi ya kusema lao kwa kina. Lakini nimefurahi kwa moyo wote kuona kazi iliyopigwa Kampala na Mganda ikiwa miongoni mwa filamu tano zilizoteuliwa kuwania Oscar katika kipengele cha makala.

Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese ina dakika 206, na kwa sababu ya umeme tuliitazama kwa siku mbili, jambo ambalo silishauri kwa mtu mwingine, kwa kuwa filamu hii hufanya kazi kwa uzito wake wa polepole. Ni habari ya kweli ya watu wa kabila la Osage huko Oklahoma, ambao walitajirika kwa mafuta yaliyokuwa chini ya ardhi yao, na ambao katika miaka ya 1920 waliuawa mmoja baada ya mwingine na watu waliokuwa wakila nao, na hata kuwaoa, ili kurithi haki za mafuta hayo. Kitabu cha David Grann, ambacho filamu imetokana nacho, kinatoa nafasi kubwa kwa wapelelezi. Scorsese, baada ya kuwasikiliza Waosage wenyewe, aliugeuza mswada ili kiini kiwe ndoa ya Mollie na Ernest Burkhart, mwanamume anayempenda mkewe na wakati huohuo anashiriki kumwangamiza. Lily Gladstone, katika nafasi ya Mollie, hufanya kwa macho na ukimya yale ambayo Leonardo DiCaprio anahitaji uso mzima kuyafanya. Mwishoni Scorsese anatokea mwenyewe katika mchezo wa redio, anasoma tangazo la kifo cha Mollie, na kusema kwamba mauaji hayakutajwa humo. Mwongozaji mkongwe anasimama mbele yetu na kukiri kwamba hadithi hii ilikwisha kugeuzwa burudani na watu wasiohusika nayo, naye akiwa mmoja wao. Swali la mzee wa Likasi limejibiwa hapo kwa uaminifu ambao sijauona katika filamu nyingine kubwa ya mwaka huo. Kasoro ninayoiona ni kwamba tunakaa na wauaji muda mrefu mno, na Mollie, anapolazwa kitandani kwa sumu, anatutoka kwa karibu saa nzima ambayo nilitamani kuwa naye.

Past Lives ni filamu ndogo, na ndiyo ya kwanza ya mwongozaji Celine Song. Msichana anaondoka Seoul na wazazi wake akiwa na umri wa miaka 12, na rafiki yake wa utotoni anamtafuta tena baada ya miaka 12, kisha wanaonana ana kwa ana baada ya mingine 12, mmoja akiwa tayari mke wa mtu huko New York. Hakuna ugomvi wala usaliti. Sisi tuliosoma shule za mkoa huu pamoja na watoto waliokuja na wazazi wao kutoka Burundi na Kongo, kisha dawati likabaki tupu siku moja bila kuaga, hatuhitaji kufafanuliwa kinachowauma wawili hawa wanaposimama barabarani wakisubiri teksi. Maisha ambayo hayakuishiwa ndiyo yaliyoachwa nje ya picha hapa, na yanaonekana waziwazi.

Nizitaje nyingine kwa kifupi. Anatomy of a Fall ya Justine Triet, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwezi Mei 2023, ni kesi ya mahakamani iliyoandikwa kwa umakini wa hali ya juu, na ina mtoto mwenye uoni hafifu ambaye ushahidi wake utamtoa mtazamaji machozi. The Holdovers ni filamu ya joto na huzuni, na Da'Vine Joy Randolph, mpishi wa shule aliyempoteza mwanawe katika vita vya Vietnam, ndiye moyo wake. Poor Things ilinivutia macho na kuniacha baridi moyoni. Filamu ya Barbie niliifurahia, na naona si haki kwamba mwongozaji wake, Greta Gerwig, hakuteuliwa kuwania tuzo ya uongozaji.

Io Capitano ya Matteo Garrone niliipata kwa shida kuliko zote, na ningependa ionyeshwe katika kila kibanda umiza kuanzia Ujiji hadi Kibirizi. Vijana wawili, Seydou na Moussa, wanatoroka Dakar bila kuwaaga mama zao, wanavuka jangwa la Sahara, wanaangukia mikononi mwa watesaji Libya, na hatimaye Seydou, asiyejua kuendesha chombo wala kuogelea, anakabidhiwa usukani wa meli iliyojaa watu. Mwigizaji Seydou Sarr alipata tuzo ya mwigizaji chipukizi huko Venice, na aliistahili. Filamu inazungumza Kiwolofu kwa sehemu kubwa, lakini iliteuliwa kuwania Oscar kwa jina la Italia, kwa sababu katika kipengele cha filamu za kimataifa kila nchi hupeleka filamu moja. Ndivyo Tanzania ilivyopeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Kwa utaratibu huohuo The Zone of Interest, inayozungumza Kijerumani, imebeba bendera ya Uingereza, na Perfect Days ya Mjerumani Wim Wenders imebeba ya Japani. Ufaransa ilikuwa na Anatomy of a Fall mkononi ikapeleka filamu nyingine, ambayo haikuingia katika tano za mwisho.

Sasa utabiri, niliouandika kabla ya tuzo kutolewa Los Angeles tarehe 10 Machi 2024, ambayo kwetu ni saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu. Oppenheimer imeteuliwa mara 13, na sioni filamu ya kuizuia katika kipengele cha Filamu Bora. Kipengele hicho hakihesabiwi kama vingine: wapigakura huzipanga filamu 10 kwa mfuatano wa mapenzi yao, na zinazoshika mkia huondolewa huku kura zake zikihamia kwenye chaguo linalofuata, kwa hiyo hunufaika filamu ambayo wengi wameiweka ya kwanza, ya pili au ya tatu. Chama cha watayarishaji wa filamu cha Marekani, kinachotumia hesabu kama hiyo, kiliichagua Oppenheimer tarehe 25 Februari. Nolan amekwisha kuchukua tuzo ya chama cha waongozaji, ya Golden Globe na ya BAFTA, yaani tuzo za filamu za Uingereza, na hii ya Oscar ataichukua pia. Cillian Murphy, anayemwigiza Oppenheimer, atashinda kwa mwigizaji bora, ingawa Paul Giamatti wa The Holdovers ana wapenzi wengi, na Robert Downey Jr. wa Oppenheimer pamoja na Randolph hawana mpinzani katika nafasi za wasaidizi. Mswada asilia utakwenda kwa Anatomy of a Fall, ingawa mimi ningempa Celine Song, na mswada uliotokana na kazi nyingine utakwenda kwa American Fiction.

Mwigizaji bora wa kike ndicho kipengele kigumu. Emma Stone wa Poor Things alishinda BAFTA, na Gladstone alishinda tuzo ya chama cha waigizaji tarehe 24 Februari. Namtabiria Gladstone kwa tofauti ndogo, na nakiri kwamba matakwa yangu yamo ndani ya utabiri huo. Katika makala, 20 Days in Mariupol ya Mstyslav Chernov, iliyopigwa ndani ya mji wa Ukraine uliozingirwa, itashinda, na sitamlaumu atakayeipigia kura, japokuwa nitakuwa nikiishangilia filamu ya jirani zetu.

Kipengele ninachokisubiri kuliko vyote ni cha sauti, ambacho kwa kawaida hutangazwa haraka wakati watazamaji wengi wamekwenda kuchota maji ya kunywa. Oppenheimer inapewa nafasi kubwa humo kwa mlipuko wake na kwa ule ukimya unaoutangulia. Natabiri kwamba itashindwa na The Zone of Interest. Mzee wa Likasi nimemwekea filamu hiyo kwa ajili ya Jumamosi ijayo, na spika nimeazima kwa rafiki, kwa sababu zile za kompyuta hazitoshi kumfikishia kinachotokea nyuma ya ukuta.