Kipima oksijeni cha kidoleni: miezi minne na mama

Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000, mama alipotoka hospitali baada ya kuugua nimonia. Kinabana kidole kama kibanio cha nguo, kinapitisha mwanga mwekundu na wa infraredi, kisha oksijeni na mapigo ya moyo yanatokea kwenye simu kwa Bluetooth. Mama amelala chumbani, mimi niko jikoni naona oksijeni yake ni asilimia 96. Tangu hapo nami napata usingizi.

Wiki ya pili kikasoma 84. Nilitetemeka, nikaita bajaji. Kumbe mama alikuwa amepakwa piko kwenye ncha za vidole kwa harusi ya mjukuu wake! Kidole kisicho na piko kikasoma 97. Rangi ya kucha na mikono ya baridi nayo huvuruga.

Mawasiliano hukatika ukivuka ukuta wa pili, na programu haina Kiswahili. Hayo navumilia. Linalonisumbua ni hili: utafiti uliochapishwa Marekani 2020 ulionyesha kwamba vipima hivi vinaweza kuonyesha kiwango cha oksijeni kikubwa kuliko kilivyo kwa wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo mama akihema kwa shida, hata kikisema 95, nampeleka kwa daktari.