Planet Hunters TESS: kusaka sayari kubwa ukiwa saiba ya Kayole

Kwa huduma isiyolipishwa hata shilingi, sijaona kitu kizuri kwenye intaneti kama Planet Hunters TESS, mradi ambao watu wa kawaida husaidia kusaka sayari za nyota nyingine, na nampendekezea yeyote mwenye kompyuta na subira. Mimi naendesha saiba Kayole. Asubuhi ni foleni ya watu wa kuchapisha barua na kujaza fomu za serikali, lakini baada ya saa nane mashine hukaa bure mpaka watoto watoke shule. Huo ndio muda wangu wa nyota.

Mradi uko kwenye Zooniverse, tovuti ambako watu wa kujitolea huwasaidia wanasayansi. Satelaiti ya TESS, ambayo NASA iliirusha Aprili 2018, hutazama eneo moja la anga kwa takriban siku 27 ikipima mwanga wa nyota zake, kisha inahamia eneo jingine. Wewe unaletewa grafu ya nyota moja, vitone vimetapakaa kutoka kushoto hadi kulia. Sayari ikikatiza mbele ya nyota hiyo, mwanga hupungua kwa saa kadhaa, na vitone hushuka halafu vikapanda tena. Hapo unavuta mausi, unapawekea alama, unaendelea na nyota nyingine.

Zinazoonekana wazi kwa jicho ni sayari kubwa. Aliye mbali sana akilitazama Jua letu, Mshtarii (Jupita) ukipita mbele yake utaziba kama asilimia 1 ya mwanga. Dunia yetu haifikishi hata asilimia 0.01.

Na macho yetu yanahitajika kwelikweli. Programu za kutafuta sayari hutegemea zaidi mishuko inayojirudia, ilhali sayari yenye mwaka mrefu huenda ikapita mara moja tu ndani ya siku zile 27. Mtu akiikagua grafu kwa utulivu, anauona mpito huo mmoja. TOI-813 b, sayari ya kwanza kupatikana kupitia mradi huu, huzunguka nyota yake kwa siku 84. Ilionwa na watu wa kujitolea, kisha wanaastronomia wakaithibitisha.

Jicho nalo lazima lizoee. Grafu nyingi zina pengo katikati, wakati ambapo satelaiti inatuma data duniani, na vitone vya kandokando ya pengo huyumbayumba bila sayari yoyote kuhusika. Mshuko wa sayari kubwa una umbo la sufuria: kingo mbili na chini tambarare. Juzi msichana mmoja wa gredi ya saba, aliyekuja kuchapisha kazi ya shule, aliinama begani mwangu akasema, "Anti, hapo kuna shimo!" Kweli lilikuwepo, refu, lenye ncha kama herufi V. Nikamweleza kwamba shimo la namna hiyo mara nyingi ni nyota mbili zinazokingana. Alisahau karatasi zake kwenye printa, tukaendelea kukagua mpaka mama yake akapiga simu.

Kasoro zipo. Kwenye simu ni tabu, kwa sababu kidole gumba kinafunika vitone vyenyewe unavyotaka kuvitia alama. Maelekezo ninayotumia ni ya Kiingereza, kwa hivyo kwa watoto nalazimika kutafsiri kila hatua, na mradi kama huu ungestahili Kiswahili chake kamili. Linaloniuma zaidi ni ukimya baada ya kuweka alama. Naelewa kwamba uthibitisho unahitaji darubini kubwa na muda mrefu, na sitaki waharakishe. Ningependa tu kuwe na ukurasa wa kunionyesha alama yangu imefika wapi.

Unaweza kuanza bila kujisajili. Hata hivyo fungua akaunti, kwa sababu katika makala ya kisayansi iliyotangaza TOI-813 b mwaka 2020, watu wa kujitolea walioiona waliorodheshwa miongoni mwa waandishi.