Faiba, modemu ya 4G au Starlink: kabla ya kubadilisha abonema Lubumbashi

Kama faiba imefika kwenye nguzo ya barabara yenu, hamishia intaneti huko, dekoda iache ilipo, na laini ya simu usiiguse. Kuhamisha vyote vitatu siku moja ni kosa: kitu kimoja kikigoma, nyumba nzima inabaki gizani.

Faiba inashinda hapa kwa sababu ya kuran, yaani umeme. Faiba hubeba intaneti kwa mwanga, na katika mtandao wa GPON, aina ya faiba inayotumika sana majumbani, visanduku vya kugawa mwanga barabarani havihitaji umeme. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata Katuba nzima, intaneti inaendelea mradi mitambo ya kampuni inawaka na boksi lako la intaneti lina betri. Soma adapta ya boksi: nyingi zimeandikwa volti 12, ampea 1 hadi 2. Tafuta betri ndogo ya modemu yenye volti hizo hizo na plagi inayoingia bila kulegea. Betri ya Wh 37 (wati-saa) ikilisha boksi la wati 12 inatoa kama saa mbili na nusu, maana umeme mwingine hupotea njiani. Ukichomeka volti 9 kwenye boksi la 12, litajizima na kujiwasha kutwa, na lawama itaiendea kampuni bure.

Siku ya kufungiwa, simama karibu na fundi. Waya ule mwembamba wa faiba usikunjwe kwenye kona ya mlango. Ukipinda kuliko duara la chupa ya soda, mwanga unavuja. Kichwa cha kijani kinaingia kwenye tundu la kijani tu, kwa kuwa cha bluu kimechongwa vingine. Mwombe apime mwanga mbele yako: kati ya −15 na −25 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) ni vizuri, ila −27 ni ukingoni, na mtakatikiwa mara kwa mara. Baadaye taa ya LOS kwenye boksi, ile ya kukosa mwanga, ikiwaka nyekundu, usihangaike kuzima na kuwasha. Mwanga haufiki, mara nyingi waya umekatika au umekunjwa, na dawa ni fundi.

Modemu ya 4G inamfaa mpangaji anayehama lupango, yaani kiwanja cha nyumba, kila mwaka. Ijaribu kwanza kwa laini ya kampuni hiyo ndani ya simu yako, pale dirishani modemu itakapokaa, saa mbili usiku, siku tatu mfululizo. Asubuhi kila mnara ni mzuri. Kisha piga hesabu: video ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa, kwa hiyo saa mbili kila siku ni GB 180 kwa mwezi. Uliza forfe (kifurushi cha data) ikiisha kama mtandao unakatwa au unapunguzwa kasi, na unapunguzwa hadi ngapi.

Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipata leseni nchini Kongo mwaka 2025. Inawafaa walio pembezoni, upande wa Annexe, ambako nguzo ya faiba haipo. Sahani ya kawaida hula wati 75 hadi 100, kwa hiyo betri ndogo ya modemu haiwezi kuibeba, na mwembe ukiziba anga mtandao utakatika kila dakika chache.

Televisheni tunashauri ibaki kwenye parabole, dishi la setilaiti, kwa ajili ya mpira. Mvua kubwa huikata kwa dakika kadhaa, lakini picha ya intaneti huchelewa, na jirani atashangilia goli kabla yako. Ukilipa abonema, acha dekoda ikiwa imewashwa kwenye chaneli unayoidai, la sivyo ruhusa inaweza isiifikie.

Namba ya simu imebeba M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, pamoja na ujumbe wa benki. Ukilazimika kuiacha, toa pesa zote, peleka namba mpya benki, kisha hamisha WhatsApp kupitia sehemu yake ya kubadilisha namba wakati laini ya zamani bado ipo hewani. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine.

Lipia mwezi mmoja pande zote mbili, abonema ya zamani na mpya. Omba ruhusa ya mwenye lupango kabla ukuta haujatobolewa, na ukirudisha boksi la zamani, dai risiti yenye namba iliyo chini ya boksi lenyewe.